Je, Kuibia Kwenye Sataranji ni Dhambi? Mimi, Rafiki Yangu na Stockfish



Wapendwa vijana, jambo ninaloandika leo nimelizungusha kichwani tangu Kwaresima. Kila nilipokaa kuliandika nilijiambia hili ni dogo mno, watu watacheka. Frateri mzima anaandika habari za mchezo! Lakini halikuondoka, basi naliandika. Ni habari ya sataranji, au chesi kama wengi tunavyouita mchezo huu. Rafiki yangu ambaye habari hii inamhusu ameisoma kabla yenu, akanipa ruhusa kuiweka hapa, ila amekataa nimtaje jina.

Tulikutana seminari ndogo. Yeye ndiye aliyenifundisha kucheza, kwenye ubao tulioukata kutoka boksi la biskuti, na kete zilizopotea tukaziba nafasi zake kwa vizibo vya soda. Hakuendelea na wito; leo ni mwalimu wa hisabati sekondari. Mimi nikaenda falsafa, nikamaliza, na sasa niko parokiani kwa mwaka wa uchungaji kabla ya kuanza teolojia. Katika miaka yote hiyo sidhani kama nimewahi kumfunga zaidi ya mara nne.

Mwaka jana baba yake alipata kiharusi, akapooza upande mmoja. Rafiki yangu akaomba uhamisho akarudi kwao, na usiku yeye ndiye anayekesha na mzee, kwa sababu mchana mama na dada wanachoka. Ndipo tukaanza tena kucheza, kwa njia ya ujumbe wa simu. Yeye ana ubao wake kando ya kitanda cha mzee, mimi nina wangu chumbani. Ananitumia hatua moja, nami naisogeza kwenye ubao wangu, nafikiri, namjibu. Akicheza kete nyeupe karibu kila mara anafungua kwa njia ya Ruy López, makusudi kabisa, kwa sababu huyo Ruy López de Segura alikuwa padre wa Uhispania, aliyechapisha kitabu chake cha sataranji mwaka 1561. Basi ananiandikia: "Frateri, ngoja nikufungulie kipadre." Halafu ananifunga.

Sasa, mwanzo sikuwa na nia mbaya. Nilitaka tu kujua kwa nini nafungwa. Ofisini kwetu kuna kompyuta ya siku nyingi, na jioni katibu akiondoka naruhusiwa kuitumia. Nikasikia kwamba ipo programu ya bure inayochambua mchezo kuliko binadamu yeyote, inaitwa Stockfish. Programu za namna hii zinaitwa injini, si kwa sababu zina mafuta na pistoni, bali kwa sababu ndizo zinazofanya kazi ya kufikiri hatua, na ubao unaouona kwenye kioo ni bodi ya gari tu.

Kuiweka hakukuwa rahisi kama nilivyoambiwa. Kwanza inabidi uchague toleo linalolingana na prosesa ya kompyuta yako. Mimi kwa tamaa nikachagua lile la mashine mpya, nikabonyeza, dirisha likafunguka na kufungika palepale. Prosesa yetu ya zamani haijui baadhi ya amri ambazo toleo lile linazitumia. Nikarudi kupakua toleo la mashine za zamani, bando likakatika katikati, nikamalizia kesho yake. Likafunguka. Nilitegemea ubao wenye kete za kung'aa. Nikaona dirisha jeusi na mstari mmoja wa maandishi: jina la programu, namba ya toleo, na kwamba imetengenezwa na wasanidi wa Stockfish, ambao majina yao yako kwenye faili la waandishi. Basi. Inakaa kimya, inakungoja. Naomba mkumbuke mstari huo, nitaurudia.

Unazungumza nayo kwa lugha fupi iitwayo UCI, iliyotungwa na Rudolf Huber na Stefan Meyer-Kahlen na kutolewa mwaka 2000. Unaandika uci, nayo inajitambulisha tena, jina lake na waliyoitengeneza, inataja mipangilio unayoweza kuibadili, halafu inamaliza na uciok. Unaandika isready, inakujibu readyok, karibu kama hodi na karibu. Kisha unaipa hali ya mchezo: position startpos moves e2e4, yaani anza na ubao wa mwanzo, askari aliye mbele ya mfalme ametoka mraba e2 kwenda e4. Ukiandika go depth 20, mistari inaanza kushuka mbio: imefika kina gani, imepitia nafasi ngapi, inaonaje hali ya ubao. Ikiandika cp 35, ina maana mwenye zamu amezidi kidogo, kama thamani ya askari mmoja ingegawanywa mafungu mia na yeye akawa mbele kwa mafungu thelathini na tano. Ikiandika mate 3, ina maana mfalme wa mwenzako anakufa katika hatua tatu, hakuna pa kukimbilia. Mwisho unakuja mstari unaoanza na bestmove, hatua bora. Inanyamaza tena.

Wengi hawapiti huko. Wanaweka programu nyingine yenye picha ya ubao, au kwenye simu wanaweka DroidFish ambayo tayari ina Stockfish ndani yake. Mimi namshauri mtu apite kwenye dirisha jeusi walau mara moja. Pale unaiona mashine bila mapambo, na unaona wazi kwamba haikuambii neno hata moja la sababu.

Inafanyaje kazi? Nitaeleza kwa kifupi, kwa sababu hoja yangu inategemea hapo. Mwanzo wa mchezo mwenye kete nyeupe ana hatua 20 anazoweza kucheza, na mwenzake ana majibu 20, kwa hiyo baada ya kila mmoja kucheza mara moja tu tayari kuna njia 400. Claude Shannon, katika makala yake ya mwaka 1950, alikadiria kwamba michezo inayowezekana ni mingi kama 1 yenye sifuri 120 nyuma yake. Hakuna kompyuta itakayoipitia yote. Kwa hiyo injini inakata matawi. Ukishajua kwamba barabara fulani daraja lake limevunjika, huhitaji kuuliza tena kama barabara hiyo ina matope au vumbi, unaiacha. Ndivyo inavyofanya: ikishaona kwamba hatua fulani ina jibu moja linaloiharibu, haipotezi muda kutafuta majibu mengine ya hatua hiyo.

Akili ya pili ni kupima. Ikifika mwisho wa njia inayoichungulia, lazima iseme nani yuko mbele. Zamani ilitumia kanuni zilizoandikwa na watu: malkia ana thamani hii, askari aliyebaki peke yake ni udhaifu, na kadhalika. Tangu toleo la 12, Septemba 2020, inatumia mtandao mdogo wa neva, ubunifu uliotoka kwa Yu Nasu wa Japani, ambaye mwaka 2018 aliutengeneza kwa ajili ya shogi, sataranji ya kwao. Mtandao huo haukufundishwa kanuni. Ulilishwa nafasi nyingi mno mpaka ukazoea kukadiria. Deep Blue, kompyuta iliyomfunga Kasparov mwaka 1997, ilipitia nafasi kama milioni 200 kwa sekunde. Kompyuta yetu ya ofisini haifikii hata milioni moja, lakini Stockfish iliyo ndani yake inacheza vizuri kuliko Deep Blue, kwa sababu inajua pa kutazama.

Stockfish ni programu huria, yaani msimbo wake wote uko wazi, yeyote anaweza kuusoma. Nikaufungua. Sehemu ya kukata matawi, ukiwa na subira na ukiwa umesoma mantiki kidogo, unaweza kuifuata. Lakini ukifika kwenye ule mtandao unakutana na mamilioni ya namba. Hakuna iliyofichwa, na hakuna hata moja inayokuambia kwa nini farasi anafaa pale. Hata waliyoitengeneza hawawezi kukuonyesha namba fulani wakasema, sababu ni hii. Darasani tulizoea kusema kitu kikiwa wazi kinaeleweka. Kumbe kinaweza kuwa wazi chote na kisieleweke.

Turudi kwenye kosa.

Ilikuwa jioni moja nimetoka kwenye jumuiya, nimechoka, na hatua yake ilikuwa inanisubiri tangu asubuhi. Nikaiweka nafasi ile kwenye Stockfish, "nione tu." Nilikuwa nimeshafikiria kusogeza ngome. Yenyewe ikasema farasi, tena farasi arudi nyuma, kule alikotoka. Nilitazama nisielewe. Nikamtumia: farasi anarudi.

Siku ya pili akanitumia sauti. Kwanza anacheka. "Frateri, umekua! Hii ya farasi nimeilalia usiku kucha. Nimemwonyesha mzee, nimeizungusha, sasa ndiyo naona ulichoona." Mzee hasemi vizuri siku hizi, lakini anapenda kuutazama ubao. Nikajibu, "Asante, mwalimu wangu."

Baada ya hapo ikawa mazoea, karibu wiki sita. Nilikuwa naingiza hatua yake, naiacha mashine ifanye kazi, nakwenda kusali masifu ya usiku (ndiyo, masifu), narudi, nakuta jibu, namtumia. Mchezo mzima ulikuwa unanichukua dakika moja kwa siku. Nilimfunga mara tatu mfululizo. Ile hatua ya farasi akaifundisha kwa wanafunzi wake wa klabu ya sataranji siku ya Jumamosi, akawaambia imechezwa na rafiki yake frateri.

Waliosoma falsafa ya akili wanakumbuka hoja ya John Searle ya mwaka 1980. Mtu amefungiwa chumbani, hajui Kichina hata herufi. Anapitishiwa karatasi zenye maandishi ya Kichina, anafuata kitabu cha maelekezo, anatoa karatasi nyingine. Walioko nje wanaamini ndani kuna mtu anayejua Kichina. Searle alitaka kuonyesha kwamba kompyuta inaweza kutoa majibu sahihi bila kuelewa chochote. Niliijibu hoja hiyo kwenye mtihani, nikapata alama nzuri, na wakati wote nilidhani yule mtu wa chumbani ni mfano wa kompyuta. Sikuwahi kufikiri kwamba siku moja nitakuwa mimi. Mashine ilikuwa kitabu, na mimi ndiye niliyekaa chumbani napokea karatasi na kutoa karatasi, na huko nje mtu ananiambia umekua.

Kilichoniamsha ni ujumbe wake wa usiku mmoja. Mzee alikuwa amepata shida ya kupumua, wamehangaika mpaka saa nane. Akaniandikia: "Usiku huu ningekuwa peke yangu. Nikijua na wewe huko unaumiza kichwa juu ya ubao huu huu, inanisaidia." Wakati anaandika maneno hayo mimi nilikuwa nimelala, na kompyuta ilikuwa imeshamaliza kazi tangu saa tatu.

Nilimweleza frateri mwenzangu kwa simu. Akacheka. "Ni mchezo, bwana. Mlicheza kwa pesa? Kuna ubingwa? Sasa umemwibia nini?" Swali lake ni zuri kuliko alivyodhani, kwa sababu Katekisimu yenyewe inakaribia kuliuliza hivyo. Namba 2413 inasema kuibia kwenye michezo ni jambo zito, isipokuwa kama madhara ni madogo kiasi kwamba aliyepatwa nayo hawezi kwa haki kuyaona makubwa. Nilipoisoma mara ya kwanza nikapumua: haya, ni madogo, hakuna shilingi iliyopotea. Nikaisoma tena. Kipimo hakiko kwangu, kiko kwa aliyepatwa. Na yeye alikuwa hajui kwamba amepatwa na chochote. Mimi ndiye niliyekuwa nampimia hasara yake, tena kimyakimya, halafu najitangazia kwamba ni ndogo. Mwizi wa kuku naye anajua kuku wa jirani ni wengi.

Halafu kuna utetezi mwingine ambao nilijipa, na huu nadhani wengi wenu mmeshautumia: sikusema uongo. Ni kweli, sikuandika popote "nimefikiri mwenyewe." Mtakatifu Tomaso wa Akwino ananifungia njia hiyo. Katika sehemu ya pili ya Summa Theologiae, swali la 111, anasema matendo nayo ni ishara kama maneno, na mtu akionyesha kwa tendo kitu kisichomo ndani yake, amedanganya. Lakini anaweka tofauti nzuri: kunyamaza juu ya ulivyo si uongo, wakati mwingine ni halali, uongo ni kuonyesha usivyo. Ningekuwa nimenyamaza tu, sawa. Lakini katika mchezo wa watu wawili kila hatua unayomtumia mwenzako inasema kitu. Inasema, nimetazama, nikaona hivi. Nilimwambia hivyo kila siku kwa wiki sita, na ile "asante, mwalimu wangu" ilikuwa mhuri.

Mtu atauliza: je, mbona sataranji yenyewe imejaa hila? Unamwachia mwenzako askari ili aingie mtegoni. Huo si uongo? Hapana. Wote wawili mnajua kwamba mtego unaruhusiwa, mnacheza mkiwa mmeingia humo kwa hiari. Mtego ni sehemu ya kuwa pamoja kwenye ubao. Mimi niliondoka kwenye ubao nikaacha kiti kikiwa na koti langu.

Nikafikiri hapo nimemaliza: kutoa jibu la mwingine kama lako ni uongo, basi. Ila nikakwama kwa Mtakatifu Agostino. Katika kitabu cha nne cha De Doctrina Christiana anaongelea wahubiri wenye sauti nzuri lakini wasioweza kutunga mahubiri. Anasema wachukue yaliyoandikwa vizuri na wengine, wayakariri, wawahubirie watu, na hawafanyi vibaya. Agostino huyo huyo, mkali wa uongo kuliko karibu kila mtu katika Kanisa! Kama mhubiri anaruhusiwa kubeba maneno ya mwingine, mimi nimekatazwaje kubeba farasi wa mwingine?

Nimekaa na swali hili siku nyingi, na jibu nililofika, mkiona lina kasoro niambieni, ni hili. Inategemea huyo anayepokea anangoja nini kutoka kwako. Waamini Jumapili hawaji kutafuta kipaji cha frateri. Wanangoja Neno la Mungu, na Neno hilo halikuwa langu hata ningelitungia sentensi zote mwenyewe. Likifika kwao likiwa zima, wamepata walichokuja kutafuta. Lakini rafiki yangu hakuwa anangoja hatua bora. Angetaka hatua bora angeweka Stockfish mwenyewe, ni ya bure. Alikuwa anangoja hatua yangu, hata ikiwa mbovu. Mbovu yangu ndiyo ingemwambia kwamba mahali fulani kuna mtu macho, anahangaika naye. Nilimpa kitu kizuri zaidi ya alichoomba nikamnyima alichoomba.

Ukipima hivyo, mambo mengi yanajipanga tofauti. Mgonjwa anayemwendea daktari anangoja tiba sahihi. Daktari akisaidiwa na mashine, vizuri, mradi awe amehakikisha. Mwalimu aliyekupa insha uandike hana shida na insha, anazo kabatini. Anangoja kuona wewe umefika wapi. Na binti anayesubiri ujumbe wako wa pole kwa msiba wao, ndugu yangu, usimtumie ulioandikwa na programu. Afadhali umwandikie "sijui niseme nini."

Sasa ule mstari wa kwanza kwenye dirisha jeusi. Nilipokuwa natafuta kujua Stockfish inatolewaje bure, nilisoma historia yake. Ilianza na Tord Romstad wa Norwe, aliyetengeneza injini iitwayo Glaurung na kuacha msimbo wake wazi. Mwaka 2008 Marco Costalba wa Italia akaichukua akaanza kuitengeneza upya, akaiita Stockfish, jina la samaki mkavu, kwa utani kwamba imezaliwa Norwe na kupikwa Italia. Tangu 2013, kwa mfumo ulioanzishwa na Gary Linscott, watu wa kujitolea wanaazimisha kompyuta zao kujaribu kila badiliko kwa maelfu ya michezo. Yote iko chini ya leseni iitwayo GPL. Leseni hiyo ina ukarimu wa ajabu. Unaruhusiwa kutumia, kusoma, kubadili, kumgawia mwenzako, hata kuuza. Ila ukigawa au kuuza, usifute majina ya waliokutangulia, na mpe anayepokea msimbo huo huo na haki zile zile ulizopewa wewe. Mwaka 2021 wasanidi hao walifungua kesi Ujerumani dhidi ya kampuni iliyokuwa inauza injini zilizojengwa juu ya Stockfish, wakisema masharti hayo yamevunjwa, na kesi ikamalizika kwa makubaliano mwezi Novemba 2022.

Niliposoma habari hiyo nilikasirika kwa niaba yao. Watu wamejitolea miaka yote, halafu mwingine anauza! Nilikuwa nasoma hayo kwenye kompyuta ile ile ambayo dirisha la pili lilikuwa linatafuta hatua ya kumtumia rafiki yangu. Nitakuwa mkweli, sikuona uhusiano siku hiyo. Niliuona baadaye, kanisani, wakati wa kujitafuta dhamiri. Leseni ilikuwa imeniruhusu karibu kila kitu. Hata ningemwambia, "Leo nimechoka, tutazame Stockfish inasemaje," tungefurahi wote wawili na mzee wake kitandani. Mashine kila nikiifungua ilianza kwa kusema imetoka kwa nani. Mimi nilikuwa natoa hatua zake bila ule mstari wa kwanza.

Nikaenda kitubio. Sitaeleza yote, ila padre aliniuliza swali moja: "Na yeye anajua?" Nikasema hapana. Akasema basi kuna kazi imebaki, na kazi hiyo Mungu hawezi kuifanya kwa niaba yako.

Ilinichukua siku nne. Nilianza ujumbe mara nyingi nikaufuta, na wazo lililonijia, mtanisamehe, ni kumwomba programu fulani inisaidie kuupanga vizuri. Hapo ndipo nilipocheka mwenyewe, nikapiga simu.

Nikamwambia moja kwa moja. Tangu lini, michezo mingapi, na kwamba ule usiku wa shida ya kupumua nilikuwa nimelala. Kukawa kimya. Nikasikia feni ya chumba cha mzee. Halafu akauliza, kwa sauti ya chini kabisa:

"Hata ile ya farasi?"

"Hata ile."

Akasema, "Sawa, frateri," akakata.

Hakuniandikia siku kumi na moja. Sikumfuata. Ningemfuata ningekuwa namdai msamaha kama mtu anayedai chenji, na yeye ndiye aliyekuwa anadai. Siku ya kumi na mbili akatuma picha ya daftari. Alikuwa amerudi kwa wanafunzi wake Jumamosi, akawaambia hatua ile haikuwa ya frateri bali ya injini, halafu akawapa kazi: waeleze kwa nini farasi arudi nyuma. Mtoto mmoja wa kidato cha pili alikuwa ameandika kwamba farasi anarudi ili askari wa pembeni apate njia, na kwamba pale alipokuwa alikuwa anajizuia mwenyewe. Mistari mitatu, kwa penseli. Mwalimu ameweka tiki. Niliitazama nafasi ile upya, na kwa mara ya kwanza nikaiona hatua niliyoicheza.

Chini ya picha alikuwa ameandika hatua moja tu: e4.

Stockfish bado iko kwenye kompyuta ya ofisi. Tumekubaliana kwamba tunaifungua mchezo ukiisha, wote wawili tukiwa kwenye simu, na mzee akisikiliza. Mchezo wa sasa amenifungulia kipadre, niko hatua ya kumi na tisa, nimeshapoteza ngome kwa uzembe wangu kabisa, na jana alinitumia sauti ambayo ndani yake mzee anasikika akicheka. Mkiwaombea, mwombeeni mzee usingizi wa usiku.

Tuombeane.